Mkalimani wa Posa Yangu

Baba yangu alimkataa Mugisho kwenye maegesho ya magari ya kanisa letu, Louisville, Jumapili ya Pasaka, mimi nikiwa nimesimama pembeni na sahani ya wali mkononi. Kukataliwa kunauma, sikatai, lakini kilichonikera zaidi ni yale maegesho. Mwanamume anakuja kuomba mke anasimama kati ya gari na gari, peke yake, suti ya buluu, jasho usoni, anatamka maneno ambayo kwetu sisi watu wa milima ya Kivu Kusini hayatamkwi na mwenye haja. Yanatamkwa na wazee wake, wakiwa wamekaa, wamepewa kinywaji, wamezunguka mbali kabla ya kufika. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza amekuja na nani. Mugisho akasema amekuja mwenyewe. Baba akafungua mlango wa gari akaniambia nipande.

"Sijasikia kintu," alisema tulipofika barabara kuu. "Hakuna mutu alikuya kwangu."

Hakumtukana, na afadhali angemtukana. Kwa Baba, Mugisho hakuwa amekataliwa hata kidogo, kwa sababu hakuwa amefika.

Naye angefika na nani? Mugisho ni Mushi, kabila jirani na letu, kutoka Walungu. Baba yake alikufa yeye akiwa mtoto, mama yake yuko huko huko, na wajomba waliobaki hai hawana njia ya kuvuka bahari kuja kunywa Fanta sebuleni kwetu. Aliingia Amerika peke yake akiwa na miaka kumi na tisa.

Hapa tulipo tumeshapata dawa ya jambo hilo. Kijana asiye na wazee anaazima. Louisville peke yake nawajua watatu wanaoazimwa: wana suti nzuri, sauti nzito, na maneno mengi ya kuzunguka. Mmoja wao, mzee Rudasingwa, amekwisha kuwa baba mdogo wa wanaume kumi na wanne ambao hakuwafahamu kabla ya wiki ya posa. Kila mtu anajua na kila mtu ananyamaza, maana sherehe lazima iende. Nikamwambia Mugisho aazime na yeye, tumalize. Tuligombana kwenye simu mpaka betri yangu ikakaribia kuzima.

"Mi siwezi kusimamisha mutu mbele ya papa yako aseme, ule ni kijana yangu, na haiko kweli," aliniambia. "Papa yangu alikuwa na jina yake. Nikiazima ingine, njo kusema nimemuzika mara ya pili."

"Na ukinikosa mimi?"

"Bon. Nitalia," akasema. "Lakini sitasema uongo."

Nilimchukia siku tatu. Siku ya nne nikiwa kazini, namchana nywele bibi mmoja katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikajikuta natabasamu peke yangu, na bibi akaniuliza huyo mwanamume anaitwa nani. Nilikuwa najivuna kwa ajili yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimekwisha.

Lakini majivuno hayazuii posa ya watu wengine. Shangazi yangu Kabanyana, dada yake Baba anayeishi Buffalo, mtaa wa Bailey, alikuwa amemtafutia Baba mkwe anayefaa: Theogene, mtu wa milimani kama sisi, mwenye nyumba na malori mawili. Wazee wa Theogene, wa kweli, wajomba kwa mababu, walitaka kuja mwezi wa kumi. Baba alishasema atawapokea. Na Baba akishawapokea watu wakakaa, wakanywa, basi neno limekwisha, maana hajawahi kurudisha neno lake maishani.

Ndiyo maana Jumamosi ile ya Septemba nilipanda basi la kanisa kwenda Berea nikiwa sina amani hata kidogo.

Berea ni mji mdogo wa Kentaki, mwendo wa saa mbili kutoka Louisville, na jina lake ni la Biblia. Ni ile Beroya ya Matendo ya Mitume, ambako Paulo alipokewa vizuri. Wachungaji wa Louisville, Columbus na Buffalo walipotafuta mahali pa kukutanisha makanisa yetu matatu, hawakutazama ramani sana. Walisikia jina wakasema amina. Watu wa Buffalo walisafiri tangu Ijumaa. Shangazi Kabanyana alishuka garini miguu imevimba, akapiga picha ya kibao cha mji, akaituma kwa jamaa wa Uvira, kule Kongo, pamoja na ujumbe wa sauti kwamba leo yuko Beroya. Hakuongeza neno Kentaki. Nilipomcheka akasema walioko Uvira nao wana haki ya kufurahi.

Na aliyepewa kazi ya kututembeza alikuwa Mugisho.

Anaishi huko. Miaka minne iliyopita alikuwa ghalani Louisville kama vijana wetu wote, mpaka bega likaharibika, na mtu akamwambia kuna mzee Berea anatafuta msaidizi wa kufunga fagio. Ndiyo, fagio. Berea ni mji wa mafundi wa mikono, na watu wanatoka majimbo ya mbali kuja kutazama ufagio ukifungwa. Wakirudi kwao wanautundika ukutani, wala hawaufagilii. Baba aliposikia habari hiyo mara ya kwanza alifikiri ninamtania. Siku za Jumamosi Mugisho pia huwatembeza wageni wa mji, na hilo ndilo Baba alilodharau zaidi. Mtu mzima, alisema, anaonyesha watu vitu vya wenyewe.

Tulianzia kwenye stesheni ya zamani ya treni, ambayo sasa ni mahali pa kupokelea wageni. Mugisho alikuwa pale, shati jeupe, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko. Hakunitazama. Alimwendea Baba kwanza, akampa mikono miwili, kichwa chini. Baba akapokea salamu kwa mdomo tu, akarudi nyuma ya kundi, mikono mgongoni, akabaki huko asubuhi nzima.

Nitasema ukweli: nilidhani nitaona aibu. Watu zaidi ya sitini, nusu wakinong'ona kwamba huyu ndiye yule wa maegesho. Lakini alipofungua kinywa nilisahau kunong'onwa. Alitueleza kwamba mtu aliyeuanzisha mji ule alikuwa mhubiri, akachagua jina la Beroya kwa sababu alitaka mji wa watu wenye moyo. Alitupitisha kwenye vyumba vya wafumaji, ambako wasichana wa chuo cha mji ule walikuwa wamekaa kwenye mitambo mikubwa ya mbao, miguu ikikanyaga, mikono ikirusha uzi. Akasema katika chuo kile mwanafunzi halipi karo, na kila mmoja lazima afanye kazi ya mikono, awe mtoto wa nani.

Baba alisimama. Nilimwona anamgusa tonton Kalisa, ndugu yake wa Gahanna, kule Columbus, akamtuma aulize kama hilo la karo ni kweli. Tonton Kalisa akasogea hatua tatu akauliza. Mugisho akajibu kwamba ni kweli, tena tangu zamani. Tonton akarudi hatua tatu akaleta jibu. Baba akatikisa kichwa kana kwamba habari imetoka nchi ya mbali. Wote watatu walikuwa katika chumba kisichozidi sebule yetu.

Kwa fundi wa ala za muziki tulikuta chombo cha nyuzi ambacho mpigaji hukilaza mapajani. Kwaya ya Columbus haikutaka kutoka mle. Mugisho alikichukua, akapiga sauti nne tano za wimbo tunaoimba sisi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na kwaya ikamfuata bila kuambiwa, ndani ya duka la watu, wageni wengine wakasimama mlangoni. Hapo ndipo aliponitazama, mara moja tu. Miezi mitano sikuwa nimetazamwa hivyo. Nilishika kona ya meza, na shangazi Kabanyana akaniuliza kama nimekunywa maji tangu asubuhi.

Mbele ya hoteli moja kongwe yenye nguzo nyeupe, mwanamke mmoja Mzungu alivuka barabara akimwita Mugisho kwa jina. Alimwambia mumewe kwamba huyu ndiye aliyetengeneza ufagio wao, ule wa mpini uliopindapinda, akaomba wapige naye picha. Mugisho aliona haya. Alipiga picha, akaaga, akaendelea kutueleza habari za hoteli. Niligeuka nimwone Baba. Alikuwa anatazama nguzo.

Baada ya chakula vijana walipanda magari kwenda mlimani, kwenye majabali ambako mtu anaona bonde lote. Mimi nilibaki kuosha vyombo kwenye nyumba ambayo watu wa Columbus walikuwa wameikodi. Mugisho alikuja na maboksi ya maji, akayaweka karibu na mlango wa jikoni, akachukua muda mrefu kuliko maboksi yalivyohitaji.

"Saa tisa ninakuya kwa papa yako," alisema.

"Na nani?"

"Na benye niko nao."

"Umeazima?"

"Hapana." Akalisukuma boksi la mwisho ukutani. "Isaro, ile nilikuuliza mwezi wa sita. Haujajibu bado?"

"Bado."

Akaitika kwa kichwa, akaondoka. Mwezi wa sita aliniuliza hivi: tukioana, je, nitakuja kuishi Berea, maana yeye mji huu hauachi. Sikumjibu. Mama yangu alikufa kambini Burundi nikiwa na miaka tisa, na Baba ndiye aliyenisuka nywele, vibaya, mpaka nilipojua kujisuka. Hajaoa tena. Mimi ndiye mtoto pekee. Ningeanzaje kumwambia kwamba siku moja nitahama na kumwachia nyumba tupu? Basi nilikaa na lile swali kifuani na Baba hakujua hata kama liliulizwa.

Saa tisa kamili mlango ukagongwa. Sebuleni walikuwapo Baba, tonton Kalisa, shangazi Kabanyana na wazee watatu wa kanisa waliokuwa wanapumzika. Mimi nilikuwa jikoni, mahali pa binti siku kama hiyo, nikichungulia kwenye ufa wa mlango bila haya.

Aliyeingia kwanza alikuwa mzee Mzungu wa miaka karibu themanini, mrefu, suruali imeshikwa na mikanda ya mabegani, amebeba kreti ya Fanta kwa mikono yake. Nyuma yake mkewe, na kreti ya soda ya tangawizi ya huko huko Kentaki. Nyuma yao Mugisho, mikono mitupu, macho chini, kama inavyotakiwa. Mzee aliweka kreti mbele ya miguu ya Baba, akavua kofia, akabaki amesimama. Mtu alikuwa amemfundisha, na alikuwa mwanafunzi mzuri.

Huyu ndiye Orville Gabbard, fundi wa fagio. Nilikuwa nimesikia jina lake mara mia.

Tonton Kalisa, kama msemaji wetu, alimkaribisha kwa Kiingereza. Kiingereza cha tonton ni cha ghala la kule karibu na uwanja wa ndege: anajua kuhesabu maboksi na kuomba ruhusa. Baada ya karibu na asante alikwama, akatafuta kijana wa kumsaidia, na vijana wote walikuwa mlimani. Mugisho hakuruhusiwa kusema neno. Baba akatazama sebule yote, halafu akatazama mlango wa jikoni.

"Isaro. Kuya."

"Tangu lini binti anatafsiri posa yake?" shangazi akauliza.

"Tangu leo," Baba akasema.

Nilitoka nikikausha mikono kwenye sketi. Baba akanionyesha mahali pa kusimama, katikati, kati yake na yule mzee. Nyumbani tunasema Kinyamulenge, lakini pale alichagua Kiswahili, ili Mugisho asikie kila neno.

"Leo weye ni mudomo tu," aliniambia. "Chenye anasema, unaleta. Chenye ninasema, unapeleka. Haukate, hauongeze."

Nikasema ndiyo, Papa.

Mzee Gabbard alianza. Alisema polepole, akisimama baada ya kila sentensi ili nimfikie, na mimi nikaleta hivi:

"Mzee anasema haiko papa ya Mugisho, haiko mujomba, hana naye damu hata kidogo. Anasema papa ya Mugisho alikuwa Jovini, mwashi wa Walungu, alijenga mashule mbili na kanisa moja, na bingali bimesimama mpaka leo. Anasema Mugisho alimuomba jina ya papa yake itajwe hapa mbele ya ingine yote. Yeye amekuya juu ya kuwa amemujua miaka ine, kila siku, na hakuna mwingine karibu mwenye kumujua hivi."

Nikamwona mmoja wa wazee wa kanisa anakaa wima. Posa zote alizohudhuria katika nchi hii, sidhani kama aliwahi kusikia mtu anaanza kwa kusema yeye si ndugu.

"Muulize," Baba akasema, "huyu kijana iko na nini. Mwambie kuko mutu wa Buffalo, iko na nyumba, iko na malori mbili, na bazee yake banakuya mwezi wa kumi. Huyu wake iko na nini, kutosha fagio, na kuonyesha batu milima ya benyewe?"

Uso wangu uliwaka moto. Kutosha fagio, kwa maana ya ukiacha fagio, na nilijua Mugisho amesikia. Ningeweza kulipunguza. Kiingereza kina njia nyingi za kulainisha jambo, na mimi ninazijua zote, kazi yangu ni kuwaambia wazee kwamba sindano haitauma. Nikalipeleka lote, na malori, na Buffalo, na milima ya wenyewe.

Mke wa mzee alimtazama mumewe. Mzee akakuna shingo, akajibu, nami nikaleta:

"Mzee anasema ufagio ya kwanza ya Mugisho aliifungua, akamwambia afunge tena. Aliifungua mara ine. Mara ya tano alitafuta kosa, akakosa. Anasema yeye ni mutu wa tano kwa jamaa yao kufanya hii kazi, na watoto yake bote balikimbia mujini. Anasema zamani wageni balikuwa banafika kumutazama yeye. Sasa banafika banauliza Mugisho iko wapi, na yeye anabaonyesha." Mzee akaongeza, nami nikaleta. "Anasema karakana imeisha kuandikwa kwa jina ya Mugisho, tangu mwezi wa tano. Mugisho hakutaka isemwe hapa. Mzee anaisema juu ameulizwa."

Sikuwa najua. Nilimgeukia Mugisho, na alikuwa anatazama viatu vyake, masikio mekundu. Miezi minne ana karakana yake mwenyewe, katika mji ambao watu wanavuka majimbo kuja kuuona, na hakuniambia hata mimi, asije akaonekana ananinunua. Mtu mkaidi kiasi gani. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumwimbia.

Baba hakubadilika uso.

"Muulize makosa yake."

Mzee Gabbard alicheka kwa pua. Alisema Mugisho ni mbishi. Alisema haendi kwa daktari mpaka abebwe. Alisema kuna majira ya baridi alilitumbukiza gari la mzee mtaroni kwa sababu alikataa kungoja barafu iyeyuke. Shangazi Kabanyana alicheka nilipolileta lile la gari, kisha akajikumbuka. Halafu mzee akaacha kucheka, akasema sentensi moja zaidi, fupi, na mimi nikasimama.

Wote walingoja. Tonton Kalisa alikuwa anatazama midomo yangu. Hakuna mtu chumbani mle, ukimwacha Mugisho na wale Wazungu wawili, ambaye angejua kama ningeiruka. Na Mugisho asingesema. Ningeweza kuileta baadaye, mwakani, baada ya harusi, siku ambayo Baba amelala vizuri na amekula. Nilimtazama Baba, mikono yake juu ya magoti, vidole vilivyovimba kwa miaka kumi na moja ya kiwanda, vidole vilivyonisuka.

Nikaileta.

"Anasema kosa ya mwisho, Mugisho hataacha hii muji. Mwenye atamuozesha binti yake, ajue binti atakaa huku, saa mbili mbali na papa yake."

Baba alinitazama mimi, si mzee.

"Muulize," alisema taratibu, "kama hiyo, Isaro alishaulizwa."

"Papa, hiyo ni ya kuniuliza mimi."

"Weye ni mudomo. Peleka."

Nikapeleka. Mzee Gabbard akamwinamia Mugisho sikioni, Mugisho akamjibu kwa kunong'ona, na mzee akasema, na mimi nikalazimika kusema, mbele ya watu wote, kwa sauti yangu:

"Anasema Isaro aliulizwa mwezi wa sita. Anasema hajajibu."

"Bon," Baba akasema. "Ajibu sasa."

Nikafanya kitu pekee nilichokuwa nimeruhusiwa siku ile, nikatafsiri. Nilisimama katikati ya sebule ile na nikamleta Isaro kama nilivyomleta mzee Gabbard, bila kukata, bila kuongeza.

"Isaro anasema anamupenda huyu mwanaume tangu miaka mbili. Anasema hakujibu juu aliogopa kumuacha papa yake peke yake. Bado anaogopa. Anasema papa akikataa, hatatoroka, hatafanya kintu ya kumuletea haya. Lakini ya Buffalo hatakubali, hata bakuye na bazee mia." Machozi yalikuwa yamefika kidevuni na sikuyafuta. "Na anasema atakuya kuishi hapa."

Nikaligeuza lile lile kwa Kiingereza, kwa ajili ya wageni. Mke wa mzee alishika mkono wa mumewe. Mugisho alikuwa ameinua macho, mila au si mila, na hakuyaondoa tena kwangu.

Baba alisimama. Alivuta koti lake likae sawa, akampita tonton Kalisa, akanipita mimi, akasimama mbele ya mzee Gabbard. Kisha akafungua kinywa na kikatoka Kiingereza.

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema Kiingereza zaidi ya asante na kwaheri. Kila barua ya shule nilimsomea mimi, kila daktari nilimtafsiria mimi. Na sasa kilikuwa kinatoka, kizito, cha kiwandani, maneno yakipangwa moja moja, lakini kikisimama. Alimwambia mzee kwamba amemsikia tangu neno la kwanza, yote, na anamshukuru kwa kumtaja Jovini.

Kisha akanigeukia.

"Nilitaka kuona kama utaangusha kintu njiani," alisema. "Hata ile ya kukuumiza uliileta. Nimezaa mutu."

Shangazi Kabanyana aliuliza, kwa sauti ndogo, sasa yeye atawaambia nini watu wa Theogene. Baba akamwambia awaambie ukweli, kwamba wamekuta watu wamekwisha kukaa. Mambo ya ng'ombe wa mahari, akasema, ndugu wa Columbus na wa Buffalo watayazungumza siku yake. Akamnyooshea Mugisho mkono, na Mugisho akaushika kwa yote miwili na hakujua kuuachia.

Lakini Baba alikuwa bado na neno kwa mzee Gabbard. Alilisema kwa kile Kiingereza chake, na kwa mara ya kwanza mchana ule mimi ndiye niliyesimama nikisikiliza tu.

Alimwambia kwamba yeye yuko mbali saa mbili, na mzee yuko karibu. Siku akimwona binti huyu analia, asingoje kesho, ampigie.

Mzee Gabbard alipapasa mfuko wa shati, akatoa penseli fupi ya fundi, akageuza kofia yake chini juu apate mahali pa kuandikia. Baba akaanza kumtajia namba ya simu, tarakimu moja moja, kwa Kiingereza, kifua mbele, mbele ya kanisa lote la Louisville, Columbus na Buffalo lililokuwa mle ndani. Hakuwa amefika ya nne shangazi yangu alipopiga vigelegele.